ESANSE AU MAZUTU? TUULIZE MLIMA KWANZA



Habari mnaijua. Komite ya wazazi inataka kununua gari ya shule ya kukokota remorki. Makuta yatatoka katika minervali yetu na katika mchango wa wazazi, ndiyo kusema yatatoka katika muhogo, mbuzi na makala yanayouzwa huko kwetu nyumbani. Gari mbili zimeonyeshwa, na zote mbili zimekwisha kutumika kwa watu wengine. Ya kwanza ni ya esanse, silinda 4, lita 2.7. Ingali na sura nzuri, na bei yake ni ndogo. Ya pili ni ya mazutu, silinda 6, lita 4.2. Ni mzee kidogo, na bei yake inapita ile ya kwanza. Komite itachagua moja mbele ya mwisho wa muhula.

Tangu habari hii ilitoka, interna imegeuka bunge. Wengine wanasema: « Esanse! Ni nyepesi, inakimbia, inawaka asubuhi bila matata. » Wengine wanajibu: « Mazutu! Ile ndiyo motere ya wanaume. » Saa ya kulala inafika, taa zinazimwa, lakini maneno hayazimiki. Kwa kuwa mimi ni kapita na kazi yangu ni kunyamazisha kelele ya usiku, nimeona ni vizuri kuleta maneno haya mchana, juu ya karatasi, mahali kila mtu anaweza kuyapima.

Mimi nachagua mazutu. Lakini sababu nyingi ninazosikia katika interna hazina miguu ya kusimama. Tena nasema hivi: tukinunua gari ya mazutu na kuacha remorki bila freni, ni heri tuendelee kubeba kuni kichwani.

1. KAZI YENYEWE NI GANI?

Mtu hachagui jembe mbele ya kuona shamba. Tuangalie kwanza kazi ya gari yetu.

Itakwenda mjini kuleta unga, maharagi, chumvi na sabuni. Itapanda kwenye shamba la mikaratusi kuleta kuni za jiko. Itashuka mtoni kuleta mchanga na mawe ya nyumba mpya ya wasichana. Leo kazi hiyo inafanywa na lori la kukodi kama makuta yako, na yakikosekana inafanywa na vichwa vyetu. Wadogo wetu wa mwaka wa kwanza wanakosa masomo ya siku ya tano mchana kwa ajili ya kuni. Basi gari hii haitakuwa ya kutembeza watu siku ya sikukuu. Ni ya mzigo, na njia yetu ni ya udongo, na inapanda.

Tuseme gari pamoja na mzigo wake ina tani 3, na remorki pamoja na mzigo wake tani 2. Jumla ni tani 5. Tuseme mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100 za njia. Wale wa darasa la fizika wafanye hesabu: nguvu ya kushinda uzito peke yake inakaribia nyutoni 4900. Ni sawa na kuinua kilo 500 wima, bila kupumzika, mpaka juu ya mlima. Ukitaka kupanda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, inakuomba kilowati 27. Ongeza udongo unaoshika matairi, na utafika kwenye 35 au 40.

Wekeni hesabu hiyo akilini, nitairudia.

2. FARASI NYINGI, AU FARASI ZINAZOVUTA POLEPOLE?

Watu wa esanse wako na neno moja wanalolipenda: farasi, ndiyo shevo. Wanasema gari yenye shevo nyingi ndiyo yenye nguvu, basi maneno yamekwisha.

Tuchukue mfano wa motere mbili za Toyota zinazojulikana sana katika nchi yetu. Motere ya esanse ya lita 2.7, inayoitwa 2TR, katika Hilux za miaka ya karibuni inatoa kilowati 122, ndiyo shevo 166 hivi. Motere ya mazutu ya lita 4.2, inayoitwa 1HZ, iliyoanza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990, inatoa kilowati 96, ndiyo shevo 130 hivi. Kwa shevo, esanse imeshinda.

Lakini ulizeni shevo hizo zinapatikana wapi. Ile ya esanse inazitoa ikizunguka mara 5200 kwa dakika. Ile ya mazutu inazitoa kwa mizunguko 3800. Sasa tuangalie nguvu ya kuzungusha, ile walimu wanayoita kuple. Esanse: nyutoni-mita 245 kwa mizunguko 4000. Mazutu: nyutoni-mita 285 kwa mizunguko 2200 tu. Ndiyo kusema mazutu inavuta kwa nguvu yake yote wakati inanguruma polepole, na esanse inaleta yake yote wakati inapiga kelele.

Shofere anayeondoka katika matope na remorki nyuma hana mizunguko 4000. Yuko na vitesi ya kwanza na gari iliyosimama. Ikiwa motere inavuta vizuri chini, anaachilia ambreyaji mapema na gari inaondoka. Ikiwa haivuti chini, anakanyaga sana, ambreyaji inateleza na kunuka, na siku moja inaungua.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Mlima wetu unaomba kilowati 35 au 40, na gari zote mbili zinapita hapo. Hata tukikumbuka kwamba hewa ya milima yetu ni nyepesi, na kwamba motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1000 za kupanda, bado gari zote mbili zitafika juu. Basi anayesema « ile ya esanse haiwezi » anadanganya. Inaweza.

Lakini kuweza mara moja na kuweza kila juma kwa miaka 10 si jambo moja. Mtu mwembamba anaweza kubeba gunia la kilo 100 mara moja, na watu watampigia mikono. Mwambie abebe kila siku, halafu muangalie mgongo wake mwisho wa mwaka. Motere inayopanda mlima kwa mizunguko 4000 inachoka, inapata joto, inakunywa mafuta. Motere inayopanda mlima uleule kwa mizunguko 2000 inafanya kazi yake ya kawaida.

3. JUU YA NINI ZINATOFAUTIANA?

Wadogo wetu wa madarasa ya chini wameniuliza: esanse na mazutu, yote si mafuta? Juu ya nini moja inavuta namna hii na ingine namna ile?

Motere ya esanse inafuata njia iliyoonyeshwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Hewa na esanse zinaingia pamoja, zinabanwa, na buji inatoa cheche ya kuwasha. Lakini huwezi kubana sana, kwa maana esanse itawaka mbele ya saa yake na kugonga pistoni. Kwa hiyo inabana mara 8 mpaka 12 hivi.

Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliwaza namna ingine. Yeye alibana hewa peke yake, akaibana sana, mara 14 mpaka kupita 20. Hewa iliyobanwa namna hiyo inapita digri 500 za joto. Hapo ndipo mafuta yanapigwa ndani, na yanawaka yenyewe bila buji. Mwaka 1897, kule Augsburg, motere yake ilipimwa ikageuza karibu sehemu 26 kwa 100 za joto la mafuta kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika hata nusu ya hapo.

Kutoka hapo mnaelewa mambo matatu. Kwanza, kubana sana kunatoa kazi nyingi katika mafuta kidogo. Pili, lita moja ya mazutu yenyewe ina joto zaidi kuliko lita moja ya esanse, karibu sehemu moja ya kumi au kupita kidogo. Tatu, motere ya kubana sana lazima iwe na chuma kinene, na chuma kinene kinadumu. Ndiyo maana ni nzito, na ndiyo maana bei yake ni kali.

4. MAZUTU HAISHINDI SIKU ZOTE

Sasa nageukia wenzangu wa upande wa mazutu, kwa maana nao wanazidisha.

Wanasema: « Mazutu inavuta kupita esanse siku zote. » Hapana. Kuna Land Cruiser ya esanse yenye motere ya lita 4.0, silinda 6, inayotoa nyutoni-mita 360. Ile 1HZ yetu ya 285 haiifikii. Motere kubwa ya esanse inapita motere ya mazutu isiyo na turbo. Kilichobadilisha mambo ni turbo, kile chombo kinachosukuma hewa nyingi ndani ya silinda kwa nguvu ya moshi unaotoka. Hilux ya mazutu ya lita 2.8 yenye turbo, na vitesi za mkono, inatoa nyutoni-mita 420, tena tangu mizunguko 1400. Motere ndogo, na inavuta kupita hizo mbili.

Kule Marekani, mahali watu wanakokota remorki kubwa za farasi na za mashua, mabishano haya ni yaleyale, na kwao tofauti ni kubwa zaidi. Katika kamyo za Ford Super Duty za mwaka 2023, motere ya esanse ya lita 7.3 inatoa nyutoni-mita 658 hivi, na motere ya kawaida ya mazutu ya lita 6.7 inatoa 1424 hivi, zaidi ya mara mbili. Lakini hata kule, mtu anayekokota remorki mara chache kwa mwaka anashauriwa kununua ya esanse, kwa maana bei ya kununua ya mazutu ni kali na matengenezo yake pia.

Mtauliza: kama turbo ni nzuri namna hiyo, juu ya nini tusitafute gari mpya ya mazutu yenye turbo? Jibu liko katika bido la mafuta. Motere mpya za mazutu zinapiga mafuta ndani kwa mkazo unaopita bar 2000, kwa matundu membamba sana. Tone la maji au mchanga kidogo unaziharibu. Zingine zina filtri ya moshi inayotaka mazutu safi yenye salfa ndogo kabisa. Na sisi mafuta yetu tunanunua wapi? Mara nyingi kwa wale tunaowaita Kadhafi, pembeni ya njia, katika bido za manjano. Hatujui bido lile lilibeba nini jana. Mara linachanganywa na petroli ya taa, mara mvua imeingia ndani. Motere ya zamani, yenye pompa ya injeksyo ya chuma tupu, mkazo wake ni mdogo sana. Itakohoa, lakini fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuifunga. Ile mpya inataka mashine ya kompyuta kuiuliza ugonjwa wake, na mashine hiyo iko mbali.

Kwa hiyo uzee wa ile gari ya pili, ambao wengine wanaucheka, mimi nauhesabu kama faida, ikiwa tu motere ingali nzima.

5. HESABU YA LITA

Neno lingine ninalosikia sana: « Mazutu itatuokolea makuta mingi. » Tufanye hesabu kwa lita, kwa maana bei inabadilika kila mara.

Kwenda mjini na kurudi ni kilomita 80. Tuseme safari 2 kwa juma, na majuma 36 ya masomo. Ni safari 72, ndiyo kilomita 5760 kwa mwaka. Tuseme ya mazutu, pamoja na remorki, inakula lita 16 kwa kilomita 100, na ya esanse lita 24. Nimeweka namba hizi kwa mfano. Komite iweke zile za kweli baada ya kujaribu. Mazutu itakula lita 922 kwa mwaka, esanse lita 1382. Tofauti ni lita 460.

Lita 460 si mchezo. Lakini kama tofauti ya bei ya kununua ni sawa na bei ya lita 1840, tutangoja miaka 4 kuirudisha. Kama ni sawa na lita 4600, tutangoja miaka 10, na sisi wote tutakuwa tumeoa na kuolewa. Ongeza kwamba pompa ya injeksyo ikiharibika, kuitengeneza ni bei kali, wakati buji za esanse mtoto anaweza kuzibadilisha kwa ufunguo mmoja. Ongeza kwamba mazutu inataka batri kubwa asubuhi ya baridi, na kama batri imekufa, kusukuma gari nzito si kazi ya watu wanne.

Basi anayechagua mazutu kwa ajili ya kuokoa makuta ya mafuta peke yake, afanye hesabu mara mbili. Kama gari ingekuwa ya kumpeleka Bwana Prefe mjini kwa mikutano, bila mzigo, ningesema esanse bila kusita. Ninachagua mazutu kwa ajili ya tani 5 na mlima.

6. MOTO NA MOSHI

Kuna mambo mawili zaidi ambayo hayasemwi sana.

La kwanza ni moto. Esanse inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi kali sana. Mazutu haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipite digri 50 za joto. Shule yetu haina stesheni karibu. Mafuta yatawekwa katika depo, karibu na jiko na karibu na vitanda vyetu. Wote tunakumbuka Sange, kule Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipopinduka na kuwaka, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengine wao wakiwa wamekuja kuchota. Kuweka bido za mazutu katika depo kunataka uangalifu. Kuweka bido za esanse mahali watoto wanapita na koroboi ni kuita msiba.

La pili ni moshi, na hapa esanse inashinda. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa kansa la OMS liliweka moshi wa mazutu katika kundi la vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Kwa hiyo gari isiachwe ikinguruma mbele ya madirisha ya madarasa. Ipakuliwe na kuzimwa, na nyumba yake ijengwe mbali, upande ambao upepo unatoka kwetu kwenda nje.

7. KUSHUKA NDIKO KUNAKOUA

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika mabishano yote ya interna, watu wanazungumza juu ya kupanda. Hakuna anayezungumza juu ya kushuka.

Ninyi mnaojua njia ya Bukavu kwenda Uvira mnajua ninachosema. Bukavu iko kwenye mita 1500 hivi, na Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko kwenye mita 770 hivi. Gari ya tani 5 ikishuka mita 700, uzito wake unatoa joto linaloweza kuchemsha lita 100 za maji baridi. Kama motere haishiki sehemu ya kazi hiyo, karibu joto lote linaingia katika freni. Freni zikipata joto mno, unakanyaga na hazishiki tena. Mlima wetu ni mdogo kuliko ule, lakini hesabu ni ileile.

Hapa tena tuwe wakweli: motere ya mazutu ya zamani haishiki gari kwa kushuka kama wengi wanavyofikiri. Ukiacha kukanyaga esanse, mlango wa hewa unafungwa na motere inavuta hewa kwa shida. Hiyo inazuia gari. Mazutu ya zamani mara nyingi haina mlango huo. Hewa inayobanwa inarudisha sehemu kubwa ya nguvu kama kamba ya mpira. Ndiyo maana kamyo kubwa zinawekewa freni ya moshi, kile kifuniko kinachoziba bomba la nyuma. Pikapu haina. Dawa yake ni moja: shofere atie vitesi ndogo akiwa bado juu, mbele ya kuanza kushuka, asingoje katikati.

Na remorki? Remorki ya tani 2 isiyo na freni inasukuma gari kutoka nyuma, na katika kona inaisukuma upande. Gari inakunjika kama kisu, haijali kama motere ni ya esanse au ya mazutu. Tena mzigo ukiwekwa nyuma sana, pua ya remorki inainuka, na remorki inaanza kucheza kushoto na kuume. Kanuni inayofuatwa ni kuacha karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa remorki iegemee kroshe ya gari. Ndiyo kusema magunia mazito yakae mbele kidogo ya ekseli, si nyuma.

Na juu ya magunia hayo nani anakaa? Ni sisi. Tunapanda juu ya mzigo, tunaimba, tunaona raha. Siku freni zitakataa, anayekaa juu ya remorki hana mlango, hana kiti, hana mahali pa kushika.

8. NINACHOOMBA

Kwa heshima yote, naomba mambo manne kwa Komite, kwa Bwana Prefe na kwetu sisi wenyewe.

Kwanza, tuchukue ile ya mazutu, ikiwa fundi ameipima. Aiwashe asubuhi ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Aangalie moshi: wa buluu unaonyesha motere inakula wili, mweupe usioisha unaonyesha maji yanaingia ndani au mafuta hayawaki vizuri, mweusi sana unaonyesha filtri ya hewa imeziba au mafuta yanazidi. Aende nayo mlimani na mzigo. Muuzaji akikataa mlima, tumrudishie gari yake.

Pili, kabla ya kulipa, makuta ya freni za remorki, kroshe imara, mnyororo wa pili na taa za nyuma yatengwe. Kama makuta hayatoshi kwa gari ya mazutu na freni pamoja, tuchukue ile ya bei ndogo, tuifungie freni, na tupunguze mzigo tufanye safari mbili mahali pa moja. Gari dogo yenye freni ni heri kuliko gari kubwa isiyo na freni.

Tatu, mafuta yachujwe kwa kitambaa safi na kuachwa yatulie, na maji ya chini ya filtri yafunguliwe kila asubuhi. Kazi hiyo inataka dakika mbili. Wanafunzi wa darasa letu la mwisho wako tayari kuipokea kwa zamu, na Papa shofere atufundishe.

Nne, asiwepo mwanafunzi yeyote juu ya remorki. Yeyote. Mimi mwenyewe nitasimama mlangoni siku za safari, na wale wataonikasirikia wanikasirikie nikiwaona wote wazima kwenye chakula cha jioni.

Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka baada ya mtihani wa Serikali, na gari hii hatutaifaidi. Itawafaidi ninyi mnaobaki, na wadogo zenu watakaokuja. Kwa hiyo aliye na mawazo mengine aandike, tuyasome katika namba ijayo ya gazeti, mbele ya Komite kukaa. Aje na hesabu lakini, si na makelele ya interna.



Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho